Mrejesho: zawadi ya mama kutoka kwa mhitimu asiye na ajira

Wadau, niliuliza hapa nimpe nini mama siku yangu ya kuzaliwa, maana shahada ninayo ila kazi bado. Mliosema doti ya kanga, shukrani, sokoni Ngamiani, Tanga, hazikosi.

Kwa atakayefuata: soma jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, kabla ya kupenda rangi. Maneno ya kijembe mwachie mke mwenza, si mama! Doti huuzwa haijakatwa. Kata katikati, palipo na nafasi kati ya pindo mbili, kisha fundi akunje ncha zilizokatwa tu, kwa uzi wa rangi ya pindo. Kingo za urefu hazichanuki, ziache. Usiifue kwanza: wanga wa kiwandani ukitoka, kanga hulegea ikaonekana ya zamani.

Kwenye kuifukiza kanga udi ndipo wengi huharibu. Subiri mkaa ushike majivu meupe ndipo uweke kipande kidogo chetezoni. Mkaa ambao haujakolea hutoa moshi, na kanga itanuka jiko. Tandaza kanga juu ya tenga lililofunika chetezo, mbali na moto. Asumini chuma jioni yakiwa yamefumba, yatachanukia uzini.

Keki niliiacha. Hela yake ndiyo iliyomlipa fundi.