Wakuu naomba ushauri: hedifoni ya elfu 70 kwa mtu wa dansi na taarabu (na singeli kidogo)

Mwana Solo

Habari za jioni wakuu.

Nina 70,000, nikijikamua sana inafika 80,000. Natafuta hedifoni au iafoni ya kusikilizia muziki kwenye simu. Sehemu kubwa ya ninachosikiliza ni dansi la zamani, rhumba ya Kongo na taarabu asilia ya Unguja, ile ya fidla na kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi za kudonoa). Marehemu mzee aliacha kaseti kama mia hivi, nimezihamishia kwenye simu kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Singeli nayo naisikiliza asubuhi kwenye daladala, inakata usingizi.

Shida ilianzia hapa: mwaka jana nilinunua hedifoni kubwa ya Bluetooth, boksi lake neno "BASS" limeandikwa kubwa kuliko jina la kampuni. Singeli ilinoga haswa. Kuweka dansi, gitaa la solo likawa kama linapigwa chumba cha pili na mlango umefungwa. Gitaa la ridhimu ndiyo kabisa, sikulisikia. Besi imewakalia wote kichwani. Juzi upande wa kushoto umekufa na kusema ukweli sikuhuzunika.

Simu yangu haina tundu la jeki, ni Type-C tu. Nisaidieni nisiingie mkenge mara ya pili.

Kishoka

Leo besi imekuwa kosa? Ilete hiyo mbovu kwangu, nitasikiliza kwa sikio moja.

Duka Mkononi

Mkuu ninayo Sony orijino kabisa kwa 25,000, imebaki moja. Njoo inbox.

Fundi Waya

Mtoa mada, huyo wa juu mpite kimya kimya. Hedifoni feki zinafanana na halisi kwa kila kitu isipokuwa sauti, na sauti ndiyo unayoinunua.

Sasa twende kwenye mada, nitaandika kirefu kidogo. Nimekaa studio ndogo hapa Dar miaka kadhaa, hili swali naulizwa kila wiki.

Kwanza, sahau maandishi ya kwenye boksi. "20Hz–20kHz" (Hz ni mitetemo kwa sekunde; ndogo ni sauti nzito, kubwa ni sauti kali) ndiyo masafa ambayo sikio la binadamu linasikia, kila kampuni inayaandika, hata ya elfu tano. "Spika ya mm 40" nayo haikwambii kitu. Kinachotofautisha ni masafa yapi yamepandishwa na yapi yameshushwa. Hizi za bei poa nyingi zimepikwa kwa umbo la V: besi juu, trebo (zile sauti kali) juu, katikati shimo. Zinavutia ukizijaribu dakika mbili dukani.

Sasa muziki wako unaishi wapi? Waya mnene kabisa wa gitaa la besi ni Hz 41. Waya wa chini wa fidla ni Hz 196. Sauti ya mwimbaji, solo, ridhimu, saksafoni, tarumbeta, vyote vimejazana kuanzia hapo kwenye mia mbili hadi elfu nne hivi, yaani palepale penye shimo la V. Ndiyo maana solo lako lilienda chumba cha pili. Amapiano na singeli haziathiriki sana, maana uzito wao uko chini kwenye ngoma ya kiki na juu kwenye vile vimlio vikali.

Kwa hiyo usitafute "hedifoni nzuri". Tafuta yenye katikati iliyojaa. Kwa bajeti yako majina ninayoyafahamu ni haya. KZ EDX ni rahisi kuliko zote, ila ni V, itakurudisha ulikotoka. Moondrop Chu II ndiyo ningekupa mimi: ni iafoni ya waya, imesawazishwa, sauti ya mtu inasikika kama sauti ya mtu, na waya wake unachomoka ukikatika. 7Hz Salnotes Zero iko karibu na hiyo. Sony MDR-7506 ni kazi nyingine kabisa, iko studio tangu 1991 na bado inauzwa, ila kwa pesa yako utapewa picha yake tu.

Na achana na Bluetooth. Kwa elfu 70, ukinunua Bluetooth unalipia betri, chipu na maikrofoni. Sauti inapata chenji iliyobaki.

Mtu wa Likoni

Ndugu yangu Fundi umesema kweli lakini hilo la Bluetooth sikubaliani nawe. Mimi navuka feri kila siku hapa Mombasa, waya umenasa kwenye begi la mtu mara mbili, simu nusura iingie baharini. Nina JBL Tune 510BT, chaji inadumu wiki. Kwa mtu wa safarini waya ni balaa.

Halafu hakuna aliyemwambia kuhusu ikwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha besi na trebo kwenye simu. Kwenye Android kuna programu inaitwa Wavelet, ndani ina marekebisho tayari ya hedifoni nyingi zinazojulikana. Unachagua modeli yako, inashusha besi iliyozidi. Angeweza kuiokoa hiyo ya mwanzo.

Fundi Waya

Ya feri nakubali, yaishe. Ikwalaiza pia nakubali, ila ukiwa na modeli halisi. Feki haiko kwenye orodha yoyote.

Binti wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Naona wanaume mmeshika besi tu, hebu na sisi wa taarabu tuseme.

Taarabu asilia haiharibiwi na besi peke yake, trebo ndiyo mbaya zaidi. Fidla tatu nne zikipanda pamoja, na kanuni inadonolewa juu yake, iafoni kali inakuchoma sikio mpaka unavua. Mimi nikienda dukani najaribu kwa kitu kimoja: pale fidla na akodiani zinapojibizana. Nikiweza kuzitenganisha na sikio haliumi, nanunua. Siweki wimbo wa kujaribia wa muuzaji hata siku moja, ule umechaguliwa umpendeze yeye.

Mimi natumia Koss Porta Pro, kaka yangu aliniletea kutoka Maskati. Umbo lake halijabadilika tangu 1984, inakunjika, watoto wananicheka. Sauti yake ina joto, fidla zinakaa vizuri. Lakini iko wazi nyuma, kelele za nje zinaingia na muziki wako unatoka. Barazani usiku sawa. Kwenye daladala utasikia konda kuliko mwimbaji.

Na jengine: kama kaseti zako zina ule mlio wa "shhh", jiandae. Iafoni safi itakuonesha na uchafu. Na kama una rikodi za zamani kabisa, kama zile za Siti binti Saad zilizorikodiwa Bombay mwaka 1928, usimlaumu mtengeneza hedifoni kwa kukosa besi. Besi haimo.

Kishoka

Dada umetisha. Mimi naondoka na besi yangu kimya kimya.

Fundi Waya

Dada Ng'ambo heshima yako. Hilo la kujaribu na wimbo wako ndilo nililosahau, na ndilo la kwanza.

Niongeze mawili, mtoa mada. Moja, adapta ya kuchomeka waya wa jeki kwenye Type-C yako. Hizi za elfu mbili mbili nyingi ni waya mtupu, zinategemea simu itoe sauti iliyokwisha kubadilishwa kutoka dijitali, na simu nyingi hazifanyi hivyo. Utachomeka usisikie kitu. Omba yenye chipu yake ndani ya kufanya kazi hiyo. Ile ya Apple ni nzuri, ila kwenye Android nyingi sauti inatoka ndogo.

Pili, vile vimpira vya kuingia sikioni. Kwenye boksi vinakuja saizi tatu, watu wanavaa vilivyokuja vimechomekwa na vingine vinatupwa. Kimpira kikipwaya, besi yote inavuja na trebo inabaki peke yake, halafu mtu anakuja hapa kulalamika "haina besi". Jaribu zote. Hata masikio yako mawili yanaweza kutaka saizi tofauti. Kikiziba vizuri, konda pia anapungua, huna haja ya kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndiyo mwisho. Ukifika 90 unabakiwa na saa 4 tu. Daladala na singeli ukijumlisha, saa 4 zinaisha Jumanne.

Mwana Solo

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani kwa kimya cha mwezi.

Nilikwenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikiwa na nyimbo zangu tatu kwenye simu. Duka la kwanza jamaa alikataa kufungua boksi, akaniambia "ukifungua umenunua". Nikaaga. La pili alinipa nijaribu mbili, zote solo likaenda chumbani kwake kulekule. Nikaona isiwe tabu, nikaagiza Chu II kwa wakala, pamoja na adapta yenye chipu, jumla ikaja 68,000 na kusubiri wiki tatu.

Siku ya kwanza nilitaka kuja kumtukana Fundi. Kavu, haina mzigo. Nikakumbuka vimpira. Sikio la kulia linataka saizi ya kati, la kushoto kubwa. Nilipobadilisha, besi ikarudi, haimkalii mtu. Kuna wimbo wa dansi nimeusikiliza tangu nikiwa darasa la nne, nilidhani una magitaa mawili. Yako matatu! La tatu liko kulia kabisa, linacheka cheka chini ya waimbaji muda wote.

Singeli imepoa kidogo, nakiri. Waya pia ulishanasa kwenye kiti mara moja, Mtu wa Likoni usicheke.

Ila dada Ng'ambo alisema kweli. Ule "shhh" wa kaseti sasa nausikia kuliko mwimbaji, hasa zile za taarabu. Kuna namna ya kuupunguza?

Binti wa Ng'ambo

Nilikwambia.

Fundi Waya

Kabla ya programu yoyote: ulipokuwa unahamisha, kichwa cha deki ulikisafisha kwa spiriti? Na ulikinyoosha kwa kila kaseti, au zote mia ulizipitisha hivyo hivyo?

Mwana Solo

Kichwa kinanyooshwa?

Fundi Waya

Kuna skrubu ndogo pembeni yake. Kichwa kikikaa upande, trebo ya muziki inapotea na shhh inabaki palepale. Anzisha uzi mwingine, mkuu. Na usizitupe hizo kaseti, utazirudia.