Barua yangu ya pingamizi iko kwenye tovuti ya halmashauri na namba ya simu, kitambulisho, jina la mtoto. Nifanyeje?

Mama_Wawili (mleta mada)
Habarini wakuu, naombeni ushauri maana tangu juzi silali. Miaka mitatu iliyopita jirani yetu aliomba kibali cha kujenga ghorofa karibu kabisa na ukuta wetu, halmashauri wakabandika tangazo kwamba mwenye pingamizi aandike barua, nikaandika. Nikajieleza vizuri, majina matatu, nyumba ninayokaa, simu, namba ya kitambulisho, sahihi chini, na nikaeleza kwamba mwanangu ana pumu na vumbi litamuumiza, nikamtaja jina na tarehe ya kuzaliwa nikidhani ndo watanisikiliza. Jirani akapewa kibali kwa masharti, yakaisha.

Juzi saa tatu usiku kanipigia mtu nisiyemjua, ananiita majina yote matatu, ananiuliza mtoto anaendeleaje na kifua, eti ana dawa. Mikono ilinitetemeka nikakata. Nikaiandika namba yangu kwenye Google ndani ya alama za kunukuu, likaja jibu moja tu, PDF ya kikao cha kamati ya mipango miji, kurasa 61, barua yangu ukurasa wa 38, imeskaniwa kama ilivyo mpaka mkunjo wa karatasi unaonekana.

Nimepiga simu ofisini kwao, nimejibiwa "hizo ni kumbukumbu za umma mama, hazifutwi". Ni kweli hakuna cha kufanya? Sitaki kuficha kwamba nilipinga, nilipinga na ningepinga tena, lakini mtoto wangu anaingiaje humo?

Karani_Mstaafu
Pole sana mama. Nimekaa masijala miaka mingi, aliyekujibu kasema nusu ya ukweli. Kumbukumbu haifutwi, sawa, lakini kilichoko kwenye tovuti siyo kumbukumbu yenyewe, ni nakala. Faili la asili liko kabatini na barua yako nzima na litabaki hivyo hivyo. Zamani aliyetaka kuliona alikuja kaunta, anaandika jina lake kwenye daftari, anasoma mbele yetu, kwa hiyo hata kama simu yako ilikuwemo ilionwa na watu watatu wanne kwa mwaka. Sasa hivi karani anapewa rundo la karatasi anaambiwa skani zote pandisha kabla ya saa kumi, nani atasoma ukurasa wa 38?

Kwa hiyo usiende na "futeni barua yangu", watakukatalia na watakuwa na haki. Omba wafunike vitu kadhaa tu kwenye nakala ya mtandaoni: simu, kitambulisho, sahihi, jina la mtoto na ugonjwa wake. Jina lako na hoja zako viache. Andika barua, taja jina la faili, tarehe ya kikao, namba ya ukurasa, linki nzima, na siku uliyoiona, ambatisha skrinishoti. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa hapo hapo kaunta na usiondoke bila huo muhuri. Simu haiachi alama yoyote, kesho watakwambia hawakujui.

Jicho_la_Mtaa
Mimi naomba niseme tofauti kidogo na sitaki mama anielewe vibaya. Huu mlango wa "taarifa binafsi" tukiufungua sana wakubwa ndo watapita wa kwanza. Nimeshaona muhtasari wa kikao umefunikwa mpaka jina la mkandarasi, ukiuliza unaambiwa faragha. Tulihangaika sana mpaka hizi karatasi zikaanza kuwekwa wazi.

Karani_Mstaafu
Mkuu hofu yako naielewa na ni ya kweli. Mimi kipimo changu kilikuwa hiki, je hiki kipande kinamsaidia mwananchi kujua uamuzi ulifikiwaje? Jina la mkandarasi, kiasi alicholipwa, diwani gani alikubali na nani alikataa, masharti ya kibali, hivyo vyote vinabaki. Namba ya simu ya mama na kifua cha mtoto havimwambii mtu chochote kuhusu kamati.

Mama_Wawili
Asanteni sana. Je tarehe ya kuzaliwa ya mtoto nayo niombe ifunikwe? Mume wangu anasema jina likishatoka tarehe peke yake haina madhara.

Hadija_K
Dada hiyo omba ifunikwe kabisa. Kuna mtafiti Marekani anaitwa Latanya Sweeney, miaka ya 1990 alichukua takwimu za matibabu za watumishi wa jimbo la Massachusetts ambazo majina yalishaondolewa, akanunua kwa dola 20 daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge, ambalo ni rekodi ya umma ya kawaida tu, akaoanisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, akampata gavana William Weld mwenyewe na matibabu yake. Watu sita tu kwenye daftari walikuwa na tarehe yake, watatu wanaume, na mmoja tu ndo alikuwa na namba ile ya posta. Sasa kwenye barua yako kuna tarehe, jinsia, na nyumba anayokaa mtoto, jina la nini tena hapo.

Na kwenye barua taja sheria ya nchi yako ya ulinzi wa taarifa binafsi kama ipo, siku hizi nchi nyingi zinayo. Kenya na Uganda tangu 2019, Rwanda 2021, Tanzania ilitungwa 2022 ikaanza kutumika 2023, Ulaya sheria yao inaitwa GDPR, ilianza kutumika 25 Mei 2018. Wazo ni lile lile, anayekusanya taarifa aitumie kwa kusudi alilokusanyia na asitoe kupita inavyohitajika, na taarifa za afya zina ulinzi wa ziada. Wakikaa kimya pita kwa mamlaka au tume inayosimamia hiyo sheria, huo muhuri wa kaunta ndo ushahidi wako.

Fundi_Faili
Ongezeni hili maana watu wanaliwa sana hapa. Kuchora kiboksi cheusi juu ya PDF siyo kufunika, maandishi yanabaki chini yake, unaburuza kipanya unakopi unapesti yote yanatoka. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, yule aliyewahi kuongoza kampeni ya Trump kule Marekani, waliwasilisha hati mahakamani zikiwa na mistari myeusi, waandishi wa habari wakakopi tu wakasoma kila kilichofichwa. Kama mawakili wakubwa wamekosea, karani wa halmashauri atakosea. Wakikwambia tumeshafunika, fungua mwenyewe ujaribu.

Halafu hata wakibadilisha faili Google inaweza kuendelea kuonyesha ya zamani kwa muda, kuna fomu yao ya kuomba kuondoa matokeo yenye simu au kitambulisho chako, jaza leo leo usisubiri halmashauri. Yule Mhispania Mario Costeja González tangazo la mnada wa nyumba yake kwa ajili ya deni lilitoka gazetini 1998, akaenda mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, 13 Mei 2014 wakaamua Google iondoe linki kwa anayetafuta jina lake. Gazeti lenyewe halikuguswa. Ni njia mbili tofauti, pita zote.

Mama_Wawili
Mrejesho wakuu. Barua nilipeleka Jumatatu, walikuwa wagumu kugonga muhuri nikakaa pale pale kwenye benchi mpaka wakagonga. Leo asubuhi wamenipigia, faili jipya limeshapandishwa, nikashukuru sana. Nimekaa na mwanangu mkubwa tukalifungua, ukurasa wa 38 una vipande vyeusi vizuri kabisa, nikafanya alivyosema Fundi, nikaburuza, nikakopi, nikapesti kwenye meseji. Jina la mtoto limetoka lote na tarehe yake.

Fundi_Faili
Dada usivunjike moyo, kurekebisha hakuchukui hata dakika kumi. Waambie wauchape huo ukurasa kwenye karatasi ukiwa na hizo alama nyeusi, wauangalie kwenye mwanga kama kuna herufi inaonekana, ndo wauskani upya waweke badala ya ule. Na faili la zamani walitoe kabisa kwenye tovuti, wasilibadilishe jina tu.

Mama_Wawili
Nimeandika barua ya pili, nimeipachikia hiyo meseji niliyopesti, ila jina la mtoto nimelifunika kwa kalamu kwenye nakala zote mbili kabla ya kuzipeleka. Kesho saa mbili niko kaunta.