Mama ana presha, kijijini kuna zahanati tu: afuatiliwe pale au nimlete Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma?

Mwana wa Ilagala
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wenu. Mama ana miaka 64, anaishi kijijini wilaya ya Uvinza. Mjini alianzishiwa amlodipini miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku, kisha akaambiwa aendelee na zahanati ya karibu na nyumbani. Shida ni vipimo: wiki iliyopita 138/86, juzi 168/94, akarudiwa baada ya muda ikaja 152/90. Akijisikia vizuri anaacha dawa, anasema mwili utazizoea. Na tangu baba afariki, usingizi hana. Zahanati inaweza kumfanyia nini hasa, na kipi kinadai aje Maweni? Nauli ya kila mwezi hatuimudu.

Muuguzi wa Kata
Pole sana kwa msiba ndugu yangu, na mama mfikishie shikamoo. Tuanze na hizo namba, maana watu wengi huongezewa dozi kwa sababu ya kipimo kilichochukuliwa vibaya. Mtu akifika ametembea juani, akakaa kwenye benchi lisilo na egemeo, mkono unaning'inia na bado anaulizwa habari za nyumbani, mashine itasoma presha ya safari na mazungumzo.

Mwambie mama aombe hivi, kwa upole, ni haki yake: aende haja ndogo kwanza, kwa kuwa kibofu kilichojaa hupandisha presha. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, asikunje nne. Mkono ulale mezani usawa wa moyo. Ukiwa chini ya hapo namba hupanda. Mkanda ufungwe kwenye ngozi tupu, ukingo wa chini vidole viwili juu ya kiwiko. Gauni la mikono ya kubana lisikunjwe kwenda juu, linakaba mkono. Avue huo mkono kabisa. Wapime mara mbili, wakipisha dakika moja, na zote ziandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe na saa. Kahawa na tumbaku viwe mbali kwa nusu saa kabla.

Mama mnene wa mikono akifungwa mkanda mdogo, hiyo nayo inasoma juu kuliko ukweli. Waulize kama wana mkanda mkubwa.

Dozi Kamili
Nashikilia hapo kwenye kuacha dawa, ndiko kunakoharibika. Amlodipini hutoka mwilini polepole. Akiacha leo, kesho na keshokutwa bado inafanya kazi kiasi, kwa hiyo anajiona mzima na anaamini hakuwa na haja nayo. Presha inarudi taratibu bila kelele, maana kwa wengi haina dalili yoyote. Tena akianza upya, inachukua wiki moja au zaidi kufikia nguvu yake kamili. Ndiyo maana daftari lake linaweza kuonyesha mlima na bonde. Wala dawa hii haimfanyi mtu kuwa mtegemezi. Presha ndiyo inayobaki palepale.

Akivimba vifundo vya miguu, ni jambo linalojulikana kwa dawa hii. Asiache mwenyewe, aseme zahanati wamwangalie, wapunguze au wambadilishie. Na arudi kuchukua dawa vikiwa vimebaki vidonge saba, asingoje viishe. Zahanati ikiishiwa, aandikiwe jina la dawa NA miligramu. Dukani kuna ya 5 na ya 10, na zikichanganywa mama anameza mara mbili bila kujua. Cha jirani asimeze hata kimoja.

Rufaa Mapema
Kuhusu mgawanyo wa kazi: presha, uzito, sukari ya kidoleni, kuendelezewa dawa na ushauri wa chakula ni vya zahanati. Sukari ya asubuhi apimwe akiwa hajala kwa muda wa saa nane, ikifika 7.0 (milimoli kwa lita) au zaidi, irudiwe siku nyingine kabla ya kumwita mgonjwa wa kisukari. Kinachodai maabara kubwa ni utendaji wa figo na madini ya damu, na kipimo cha umeme wa moyo. Vipimo hivyo, kama hali imetulia, vinatosha mara moja kwa mwaka. Safari moja badala ya kumi na mbili. Aende na barua ya rufaa, daftari na pakiti za dawa zenyewe, si kwa kusimulia rangi ya kidonge.

Ameshapita 60. Kama hana uwezo, aombe kitambulisho cha matibabu ya wazee: barua ya mtendaji wa kijiji, picha ndogo na uthibitisho wa umri, vipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Dawa zikikosekana mara kwa mara, pelekeni hoja kwenye kamati ya usimamizi wa kituo. Wananchi wamo humo, na ndiyo inayokaa kujadili matumizi ya fedha za zahanati.

La kukimbia naye hospitali saa hiyohiyo: 180/120 kwenda juu ikiambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kuchanganyikiwa. Mdomo kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito ni kiharusi hata presha ikiwa ya kawaida. Asipasuliwe kidonge cha nifedipini, dawa nyingine ya presha, chini ya ulimi. Inaangusha presha ghafla, ubongo unakosa damu.

Muuguzi wa Kata
Usingizi usiufanye jambo dogo. Amweleze tabibu wazi kwamba ni tangu msiba. Ikiwa wiki mbili amejawa huzuni karibu kutwa nzima, hali chakula, hana hamu ya watu, aulizwe juu ya sonona papo hapo. Akitamka kwamba hataki kuishi, asibaki peke yake na apelekwe siku hiyo. Mhudumu wa afya wa jamii anaweza kupita nyumbani kumjulia hali na kuhesabu naye vidonge.

Mwana wa Ilagala
Mungu awabariki. Mama anapenda migebuka ya chumvi. Na je, ninunue mashine ya nyumbani?

Dozi Kamili
Chumvi ni chumvi, iwe ya Uvinza au ya dukani: isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye samaki. Migebuka iloweke, mwaga maji, loweka tena, kisha mchuzi usitiwe chumvi. Dagaa wasiotiwa chumvi ni nafuu zaidi kwake.

Mashine nunua ya kufunga juu ya kiwiko, siyo ya kifundo cha mkono. Pima mzunguko wa mkono wake kwa futi ya fundi cherehani. Mkanda wa kawaida mara nyingi ni sentimita 22 hadi 32. Apime mara mbili asubuhi kabla ya dawa na mara mbili jioni, siku saba. Majibu ya siku ya kwanza yaacheni, yaliyobaki tafuteni wastani. Nyumbani mpaka wa juu ni 135/85. Siku ya kliniki aibebe mashine zahanati, wapime mkono uleule kwa zote mbili, mjue zinatofautiana kwa kiasi gani.