Waliojifungua watoto chini ya kilo 2.5, tupeane uzoefu

Mama Kijacho: Leo kliniki nesi kanipima tumbo kwa tepu, kanyamaza, kapima tena. Eti tumbo dogo kuliko wiki zake. Mliopitia haya, ilikuwaje?

Dada Mkubwa: Mimi ilikuwa damu. Ilishuka mpaka 7, ngazi tatu tu natweta. Mtoto alitimiza wiki zote, akatoka na kilo 2.1.

Kichwa Ngumu: Mnajinyima kula mkiogopa mtoto mkubwa, halafu mnashangaa.

Mama Pacha: Kichwa Ngumu, umewahi kubeba mimba wewe? Wangu walikuwa wawili, ningekula ng'ombe mzima bado wangetoka wadogo. Na moshi wa sigara za waume mbona huutaji?

Kichwa Ngumu: Mimi sivuti.

Mama Pacha: Nani kakutaja?

Salama: Mimi presha. Wiki ya 31 naamka pete haitoki kidoleni, uso umevimba, kichwa kinagonga, naona vimulimuli. Mama mkwe akasema uvimbe huo ni wa mtoto wa kiume, nipumzike. Mume hakubishana naye, alinibeba tu. Kufika, 180 kwa 120, mkojo umejaa protini. Namsikia daktari anamwambia mwenzake kondo halipitishi damu vizuri, mtoto anakonda tumboni. Nikachomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, na dawa ya kuzuia kifafa cha mimba. Hiyo ikipita mwilini ni kama umemwagiwa uji wa moto. Kisha upasuaji. Gramu 1,240! Nepi ilimfika kwapani. Maziwa nakamua, yanapita kwenye mpira wa puani. Tulimlea kangaruu, kifua kwa kifua, usiku zamu ya baba. Leo anakimbiza paka.

Mwana wa Saba: Umeniliza.

Mama Pacha: Na huyo wa kiume hajambo?

Salama: Wa kike 😂

Msomaji Kimya: Kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za joto zilipokuwa hazitoshi. Tangu 2022 WHO wanataka ianze mara tu mtoto akizaliwa, hata kabla hajatengemaa.

Dada Mkubwa: Mama Kijacho, kama uko kwenye malaria, upimwe hata bila homa. Vijidudu hujificha kwenye kondo. Na mkojo pia. Vidonge vya damu usimeze na chai.

Mwana wa Saba: Lala ubavu wa kushoto.

Bi Mcheshi: Nililala kulia mpaka siku ya mwisho, kilo 3.4. Mume ndiye aliyekonda.

Kichwa Ngumu: Na muachanishe mimba. Mwili haujarudisha damu, mmeshabeba nyingine.

Mama Pacha: Hapo leo umesema.

Mama Kijacho: Asanteni. Nimeandikiwa ultrasaundi ya kuangalia damu inavyopita kwenye kamba ya kitovu. Ila presha hakunipima mtu, na kichwa kinauma tangu jana.

Salama: Rudi sasa hivi. Usingoje tarehe ya kadi.