Mashine ya NTU (kipimo cha tope kwenye maji) yanipa namba tofauti kwa maji yale yale

likoni_maji:
Assalam aleykum wote. Huku mtaani kwetu Likoni tuna kisima, na msimu wa mvua huwa napima maji kabla hatujatia klorini kwenye tangi. Sasa hii mashine ya mkononi yanichanganya kweli, ndoo moja hiyo hiyo yasoma 0.8, narudia yasoma 2.3, tena 1.4. Betri ni mpya. Nifanyeje niweze kuiamini, maana haya maji watoto wanakunywa.

fundi_kisauni:
Waleykum salaam ndugu yangu. Anza na kichupa kabla hujailaumu mashine. Hiyo kitu inapiga mwanga ndani ya maji halafu inapima ule unaotawanyika pembeni, nyuzi 90, sasa yenyewe haijui tope ni lipi na alama ya kidole ni ipi, mkwaruzo, tone la maji nje ya kioo, vyote kwake ni uchafu. Shika juu kabisa karibu na kifuniko. Suuza kichupa kwa maji yale yale unayopima, jaza mpaka kwenye mstari, funga, ndio upanguze kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, tishu hapana. Halafu kuna kialama kwenye kichupa, kila ukikitia kielekee kwenye alama ya mashine, kioo unene wake hauko sawa pande zote na ukikizungusha kidogo tu namba yaruka, hasa maji yakiwa masafi. Kikiwa na mikwaruzo kibadilishe.

bi_maabara:
Kaka yuko sawa, mie naongeza mapovu. Maji ya pampu huja na hewa. Ukitikisa kichupa umeharibu, kipindue polepole mara kadhaa, kiinue kwenye mwanga utazame kama kuna vipovu vimeganda kwenye kioo, vikiwepo ngoja kidogo vitoke. Lakini usikiache ukaenda kunywa chai, tope likitua chini namba yashuka nawe utaona maji ni masafi kumbe sivyo. Na kwa joto letu hili la Mombasa, sampuli ikitoka kwenye barafu kichupa chatoa jasho papo hapo, acha kwanza baridi iishe ifikie joto la chumba upanguze tena. Funika kile kifuniko cha mashine vizuri, jua likiingia namba si yako.

likoni_maji:
Shukran sana, jasho hilo naliona kila siku sikujua lina maneno. Na kalibresheni je, kuirekebisha mashine isome sawa?

fundi_kisauni:
Nunua standadi za formazin (maji ya tope maalum, namba yake yajulikana) zilizofungwa tayari, usijichanganyie zile za namba ndogo, hazikai. Kila asubuhi kabla ya kazi soma standadi moja iliyo karibu na maji yako, ikiwa mbali na kilichoandikwa ndio ukalibreti.

bi_maabara:
Na kwa nini ujisumbue hivi: WHO (Shirika la Afya Duniani) wanataka maji yawe chini ya 1 NTU kabla ya klorini, miradi midogo isiyoweza basi angalau chini ya 5, kwa sababu vijidudu hujificha nyuma ya tope klorini isivifikie. Ila tafadhali, kisima kilicho karibu na vyoo chaweza kusoma 0.3 na bado kina bakteria, hao mashine hii haiwaoni. Peleka sampuli ikapimwe E. coli (bakteria wa kinyesi) pia, hasa mvua zikianza.