Ukoo wa Mvumi: Habari kutoka Spiti, India

Shangazi: Jamani mko salama? Siku tisa kimya! Bibi yuko hapa, naandika anavyosema. Anauliza, wajukuu zake wamebadilishwa dini huko kwa watawa wa Kibudha?

Mama watoto: Wifi, mtandao ulikatika kwa theluji. Shikamoo Mama. Hapana, hakuna aliyetugusa imani. Alfajiri wakipuliza mabaragumu yao marefu tunakaa nyuma ya ukumbi, kimya. Jumapili tunasoma zaburi zetu chumbani.

Baba Mdogo: Shemeji, na hewa? Hiyo monasteri yenu ya Key naona iko mita 4,166. Mimi Kilimanjaro niliishia Horombo, mita 3,720, kichwa kinataka kupasuka.

Mama watoto: Wiki ya kwanza yule mdogo alitapika sana, niliogopa kweli. Sasa anakimbizana ngazini na watawa watoto.

Shangazi: Bibi anauliza anakula nini.

Mama watoto: Tsampa, unga wa shayiri iliyokaangwa. Unaumwagia chai ya chumvi na siagi, unakanda kwa vidole kwenye bakuli. Mtawa mmoja mzee alikuja kumwelekeza, akakuta ameshafinyanga tonge na kulibonyeza kwa dole gumba, tayari kwa mlenda! Mzee akauliza kwa ishara, nani kamfundisha? Nikamwonyesha picha ya Mama.

Shangazi: Ameshika simu, haniachii 😭

Baba watoto: Shikamoo Mama. Kijiji kizima huku ni tembe. Kuta za matofali mabichi, paa bapa la magogo, fito, juu udongo. Mvua haba kama kwetu, milima ya Himalaya inaizuia. Monasteri yenyewe tetemeko la 1975 liliiharibu, ikakarabatiwa. Mimi nasubiri baridi ipungue nisaidie kukandika kuta za vyumba vya watoto. Udongo ukiganda haushiki.

Shangazi: Anauliza theluji haivujishi paa?

Baba watoto: Ikianguka tu tunapanda na makoleo, hata saa nane usiku, tunaisukuma chini kabla haijayeyuka.

Shangazi: Anasema mchanganye udongo wa kichuguu.

Baba watoto: Vichuguu huku hakuna, Mama. Wanachanganya majani makavu yaliyokatwakatwa.

Shangazi: Anasema hayo pia yanafaa, ila myaloweke kwanza usiku mzima.

Baba Mdogo: Kwa hiyo mnarudi lini? Juzi Bibi alitaka nikakate tiketi.

Shangazi: Anasema uache tiketi. Wasiondoke ukuta ukiwa mbichi.