Nimelipa elfu thelathini kuonja bia ya pilipili, nikaishia kuambiwa "mletee mtoto maziwa"!

MtotoWaChumbageni

Wakuu, saa saba na nusu usiku hii, ndo nimeingia ndani, viatu sijavua. Naandika nimesimama kwa sababu nikikaa nitavunja kitu.

Yule bwana mnamjua. Simtaji, hana haja ya kutajwa. Yule anayenusa glasi kabla ya kunywa kama paka aliyewekewa dagaa wa juzi. Yule aliyekaa Marekani wiki mbili, sisi tunasimuliwa mwaka wa pili huu. Aliyewahi kukaa naye meza moja pale Sinza ameshanielewa.

Wiki iliyopita akatangaza kwenye grupu kwamba amerudi na chupa adimu kutoka San Diego, hizi bia za viwanda vidogo wanazoziita krafti. Imepikwa kwa embe na pilipili ya habanero, zimetoka chupa chache tu. Anayetaka kuonja atume elfu thelathini. Nikatuma. Tukafika watu 12.

Chupa moja, jamani. MOJA. Na kabla haijafunguliwa tukahutubiwa nusu saa nzima. Eti kuna mfamasia wa Marekani anaitwa Scoville, mwaka 1912 alipima ukali wa pilipili kwa kuizimua na maji ya sukari mpaka waonjaji wasisikie kitu. Eti habanero inafika laki moja mpaka laki tatu na nusu kwenye kipimo hicho. Ananitazama mimi anaposema. Mimi! Nimezaliwa Tanga, embe bichi la chumvi na pilipili nimelila getini shuleni kabla sijajua kuandika jina langu. Hiyo habanero yake ni ukoo mmoja na pilipili mbuzi ambayo bibi yangu alikuwa anaielesha nzima kwenye mchuzi wa samaki. Leo nije nifundishwe pilipili Sinza?

Zamu yangu ikafika. Glasi yenyewe kama kifuniko cha dawa ya kikohozi. Nikapiga funda. Embe unalisikia puani, ukimeza limeshahama nyumba. Halafu gesi ikapanda, nikapaliwa. Naomba msome vizuri: NIKAPALIWA. Na gesi. Mtu anapaliwa hata na maji ya mtungi. Nikakohoa mara nne tano, macho yakatoa maji, basi.

Yule bwana akasimama. Shemeji yangu yupo pale. Mtu ninayemdai laki mbili yupo pale. Meza za jirani zimeshageuka. Akaita kwa sauti ya kunadi mitumba: "Dada, mletee mtoto maziwa!"

Mtoto. Nina miaka 43. Binti yangu yuko chuo mwaka wa pili.

Na yule dada AKALETA. Kwenye kikombe cha plastiki cha njano. Na mrija. Mrija, wakuu! Ameuchomeka kabisa, ameukunja na shingo unielekee mdomoni! Baa nzima ililipuka, mpaka mchoma nyama akaacha jiko akaja kuangalia. Yule ninayemdai ndiye aliyecheka kuliko wote.

Sitalala leo. Nikifumba macho nauona mrija.

Kibosho_Juu

Ulikunywa au hukunywa?

MtotoWaChumbageni

Hiyo siyo mada.

Kibosho_Juu

Amekunywa.

mzee_wa_hesabu

Chupa ilikuwa kubwa au ndogo?

MtotoWaChumbageni

Kubwa, ml 750.

mzee_wa_hesabu

Gawa kwa 12, umepata ml 62 na nusu. Elfu thelathini mara 12 ni laki tatu na sitini, kwa chupa moja. Mkuu, wewe umemchangia mtu nauli. Hapo ndipo pa kulilia, siyo kwenye mrija.

MtotoWaChumbageni

Hela zinatafutwa. Heshima je? Ungeuona ule mrija usingepiga hesabu.

Binti_Raskazone

Kaka yangu, kwa niaba ya wana Tanga wote naomba ubadilishe jina humu. Weka hata Mtoto wa Dodoma. Chumbageni imekukosea nini? Sisi tunakula achari kavu kwa kijiko, wewe unapigwa chini na kifuniko cha dawa!

MtotoWaChumbageni

GESI dada yangu. Gesi. Nimeandika kwa herufi kubwa pale juu.

FundiMapipa

Mimi napika bia nyumbani kidogo kidogo, nieleze. Kuhusu embe kupotea, hujaibiwa. Hamira inakula sukari ya tunda na kuigeuza kilevi na gesi, kwa hiyo harufu inabaki lakini utamu umeliwa. Anayetaka bia ya embe iwe tamu lazima aongeze sukari ambayo hamira haiiwezi, kama ile ya maziwa.

Pilipili ndiyo kazi ya hatari. Inawekwa uchachuaji mkubwa ukishapita, siku chache tu, na kila siku unaonja, kwa sababu ikishazidi huwezi kuitoa. Kinachowasha kinaitwa kapsaisini. Hakiyeyuki kwenye maji, kinayeyuka kwenye mafuta na kwenye kilevi. Sehemu kubwa ya bia ni maji, kile kilevi chake hakitoshi kukuosha ulimi, kwa hiyo kila funda linakuongezea moto. Na gesi nayo inauchokonoa ulimi huohuo. Maziwa yana protini inayoibeba kapsaisini na kuondoka nayo.

Kwa kifupi, aliyeagiza maziwa hakukosea.

MtotoWaChumbageni

Na mrija? Mrija nao ni sayansi?

FundiMapipa

Mrija sijui. Ila niambie, povu lilikaa? Mafuta ya pilipili huwa yanaua povu.

MtotoWaChumbageni

Mkuu, nadhalilishwa mbele ya shemeji, wewe unaniuliza povu?

FundiMapipa

Bila povu siwezi kusema kama bia ilipikwa vizuri.

Mlalahoi77

Afadhali wewe umeletewa maziwa ya baridi. Mimi baa ya kwetu Tabata kila siku bia ya moto, ukiuliza unaambiwa umeme umekatika. Umeme umekatika vipi na taa zinawaka, muziki unapigwa mpaka meza inatembea? Umeme unachagua friji?

mama_wawili_gongo_la_mboto

Mlalahoi usinikumbushe. Jumamosi nimeagiza kitimoto nusu kilo, nimeletewa mifupa ya kujengea kibanda. Nikamwita mchomaji, ananiambia "mama, utamu upo kwenye mfupa". Basi na hela angechukua mfupa!

Mlalahoi77

Na chenji je? Wahudumu wa siku hizi ukimpa elfu kumi anahamia mkoa mwingine.

MtotoWaChumbageni

Wakuu, mada. Kikombe cha njano. Mrija.

Kibosho_Juu

Mimi kinachoniuma ni kitu kingine kabisa. Mnalipa elfu thelathini kuonja bia ya matunda kutoka ng'ambo? Sisi Kilimanjaro bia ya matunda ndiyo tuliyokuzwa nayo, inaitwa mbege. Ndizi zimeiva sawasawa, zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa, unakuja ulezi, na uchungu unatoka kwenye gome la msesewe. Huyo bwana wa San Diego amewahi kuonja msesewe? Mbege inanyweka kwenye kata, unashiba, unarudi nyumbani kwa miguu yako.

Mafinga_Baridi

Mbege ni uji. Tuambizane ukweli. Kitu kinachopikwa siku zote hizo, kinachotwangwa na kuchujwa, hicho ni chakula cha mgonjwa. Ulanzi haupikwi na mtu. Mvua ikishika unakata ncha ya mwanzi mchanga, unakinga, asubuhi umejaa. Ukitaka mtamu kunywa mtogwa wa leo, ukitaka wa kiume subiri uwe mkangafu.

Kibosho_Juu

Uji? Unaita mbege uji? Wewe unakunywa jasho la mti halafu unaniambia uji?

Mafinga_Baridi

Jasho la mti halina makapi. Nyie mnakunywa mnatema maganda.

Mjukuu_wa_Kagera

Mnabishana wakati lubisi ipo. Ndizi tunazikanyaga kwa miguu, juisi inatoka, unatia mtama uliokaangwa, imeisha hiyo. Na kwetu mgeni haletewi mrija wa plastiki, anapewa kibuyu.

MtotoWaChumbageni

Asante Kagera, angalau umeutaja mrija. Sasa wakuu, naomba ushauri: nimfuate kesho nimwambie mbele ya watu walewale, au nidai elfu thelathini yangu kwanza?

Kibosho_Juu

Subiri kidogo mkuu, hapa wanaongea watu wazima. Kagera, kukanyaga kwa miguu ya nani? Imeoshwa?

Mjukuu_wa_Kagera

Inasuguliwa na majani mpaka visigino vinang'aa. Safi kuliko mikono ya mchoma kitimoto.

mama_wawili_gongo_la_mboto

Hapo kwenye mchoma kitimoto nakuunga mkono.

Mafinga_Baridi

Ulanzi hauguswi na mguu wala mkono. Naona hoja imekwisha.

mzee_wa_hesabu

Mbege lita moja siku hizi ni shilingi ngapi Dar? Nataka nilinganishe na ile ya laki tatu na sitini.

Kibosho_Juu

Njoo Jumapili mchana na dumu lako, bei tutaongea. Wewe wa ulanzi pia njoo, uonje uji.

Mafinga_Baridi

Nakuja. Nakuja na dumu langu limejaa.